Kijarida cha kijiji cha Waingereza: pauni 6 kwa mwaka, na jinsi neno "nazi" lilivyonitia matatani

Kila mwisho wa mwezi, wakati namalizia kumpa Bibi dawa zake za asubuhi, kibati cha tundu la barua mlangoni hulia "kwa!" na kijarida hudondoka juu ya zulia. Si posta. Ni mzee mmoja mstaafu mwenye mbwa mnene, anapita nyumba kwa nyumba kwa miguu, akishadumbukiza anaondoka zake bila hodi. Nilipofika hapa nilidhani ni matangazo ya piza, nikawa navitupa kwenye pipa la karatasi. Nilitupa vitatu. Cha nne Bibi akaniuliza, kwa ule upole wa Kiingereza unaokata kuliko wembe, kama kwa bahati yoyote nimekiona kijarida cha mwezi huu.

Basi haya ni maoni yangu baada ya mwaka mzima wa kukisoma, ukurasa kwa ukurasa, nikiwa mteja anayelipa. Nawaandikia hasa ninyi mlio kwenye kazi hizi za kulea wazee mkapangiwa vijijini, maana wengi mnanipigia simu usiku mkilalamikia upweke, mkisema kijiji chenu kimekufa, hakina watu. Watu wapo. Wameandikwa ukurasa wa 9.

Mimi ni mtu wa Pangani. Naishi na kufanya kazi nyumbani kwa Bibi wa miaka 91 katika kijiji cha Suffolk, mashariki ya Uingereza, kule kwenye nyumba za rangi ya waridi na mapaa ya makuti yao, na nguruwe wamelala mashambani kwenye vibanda vya bati kama askari kambini. Kijiji kina kanisa la mawe ya gumegume, baa moja, ukumbi mmoja, kibanda chekundu cha simu kisicho na simu, na basi mara mbili kwa siku. Jumapili hakuna. Bibi jina lake analo, na kijiji kizima wanamwita kwa jina hilo tupu, hata kijana anayekuja kupunguza nyasi. Mimi ulimi ulikataa. Mtu aliyezaliwa 1934 nimwite jina kama nimecheza naye rede? Nikamwambia kwetu mtu kama wewe ni Bibi, akauliza maana yake, nikamweleza. Tangu siku hiyo akiniita kutoka chumbani anasema, "Bibi anataka chai."

Sasa bidhaa yenyewe. Kurasa 28, ukubwa wa daftari dogo, pini mbili katikati, jalada la rangi na ndani nyeusi na nyeupe. Bei ni peni 50 kwa nakala, au pauni 6 kwa mwaka, unamlipa yule mzee wa mbwa mwezi Januari na anakuandikia risiti kwa kalamu ya wino. Hakuna anayelipwa mshahara. Mhariri ni mwalimu mstaafu, anayepanga kurasa ni mumewe, na wasambazaji ni wazee kumi hivi waliogawana mitaa. Gharama za kuchapa zinatoka kwenye matangazo ya biashara, na hayo matangazo ni burudani kamili: msafisha dohani, muuza kuni kavu, fundi bomba, mama anayekuja nyumbani kukata kucha za miguu za wazee, na mtega fuko. Nilicheka sana kwamba Ulaya kuna mtu anakula kwa kutega fuko. Kisha Machi ikafika, nyasi za Bibi zikaota vichuguu kumi na moja kwa usiku mmoja, nikapiga ile namba mwenyewe. Alikuja siku iyo hiyo. Kwa hiyo upande wa matangazo, sina neno.

Ukurasa wa kwanza ni barua ya kasisi. Mimi ni Mwislamu na naisoma yote, kwa sababu yule kasisi ana makanisa sita ya kuzungukia na barua yake mara nyingi inahusu gari lake kuharibika. Kurasa tatu zinazofuata ni za baraza la kijiji, na hapo ndipo nilipojisikia nyumbani. Mabaraza haya yameanzishwa kwa sheria ya mwaka 1894, wajumbe wake hawalipwi, na kazi yao, kwa kadiri ninavyoisoma, ni mashimo barabarani, uzio uliozidi urefu, na mavi ya mbwa. Mavi ya mbwa yamejadiliwa katika matoleo tisa kati ya kumi na mawili. Wanaandika "suala la mbwa" bila kumtaja mwenye mbwa, na kila mtu anamjua. Ukiwahi kukaa kwenye mkutano mkuu wa kijiji kwetu, mwenyekiti akasema "kuna baadhi ya watu humu ndani wanachunga mbuzi kwenye mihogo ya wenzao", na watu wote wakageuka kumtazama mtu mmoja, basi unaijua ripoti hii.

Ukurasa wa 26 ni ratiba ya mapipa ya taka: wiki hii pipa jeusi, wiki ijayo la karatasi na chupa. Huo unakatwa na kubandikwa kwenye friji. Ukikosea pipa, hakuna atakayekuambia kitu, lakini taka zako zinaachwa hapo nje mchana kutwa na kila anayepita na mbwa anaziona.

Ila tunachokilipia pauni 6 ni ukurasa wa 9, wa shughuli za mwezi. Na hapa nina lawama ya kwanza: kimeandikwa na watu wanaojua kwa ajili ya watu wanaojua. Chukua tangazo la kwanza nililolifuata, la usiku wa maswali na majibu ukumbini. Lilisema "7 kwa 7.30". Nikakaa nalo. Saba kwa saba na nusu ndiyo nini? Kwetu saa saba ni mchana au usiku wa manane, hiyo nishazoea kuigeuza, lakini "kwa" inatafuta nini pale? Nikadhani ni nusu saa tu, inaanza saa moja jioni inaisha saa moja na nusu, nikasema afadhali, nitawahi kumlaza Bibi. Kumbe maana yake ni ufike saa moja, unywe kinywaji umesimama, shughuli ianze saa moja na nusu kamili. Nilifika saa moja na dakika ishirini na tano, nikijihesabu nimeikosa, nikakuta vikundi vyote vimeshakaa meza zao, watu wanne wanne, na mimi ni wa tano wa kila meza.

Pia hakikusema kuwa ukumbini unakwenda na glasi yako na vitafunwa vyako. Hakikusema kuwa viti vya karibu na kipasha joto vina wenyewe. Na katika kila shughuli, hata mkutano wa baraza, kuna bahati nasibu, jambo ambalo halitangazwi kwa sababu kwao ni kama kutangaza kwamba ukumbi una sakafu. Kamari situmii. Nilitoa pauni moja nikamwambia yule mama ichukue kama sadaka ya paa la ukumbi, tikiti sitaki. Akanichania tikiti kwa nguvu, akaniwekea mkononi. Ikashinda. Zawadi: chupa ya mvinyo mwekundu. Watu wakapiga makofi, nami nimesimama katikati ya ukumbi na mtandio wangu kichwani nimekumbatia chupa. Nikamgeukia mzee aliyeshinda mkebe wa biskuti, nikamuuliza kama tunaweza kubadilishana, na sijawahi kuona mzee wa miaka themanini akiinuka kwenye kiti haraka namna ile.

Nilirudi nimeapa siendi tena. Bibi ndiye aliyenifundisha kukisoma. Kila toleo likifika tunakaa dirishani, yeye na kioo chake cha kukuzia, mimi na kalamu, na mstari baada ya mstari ananifasiria. "Viburudisho vyepesi" maana yake kuna kitu cha kula kidogo, usile nyumbani ushibe. "Mchango wa hiari mlangoni" maana yake pauni mbili, zisipungue. "Wote mnakaribishwa" maana yake wote mnakaribishwa kweli, lakini hakuna atakayekuja kukuchukua. Mlango unausukuma mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo gumu kwetu. Sisi tumezoea mtu akuite, akutume mtoto, akupigie kelele toka uani: "Shoga, huji?" Hapa hodi hupigwa kwa maandishi, mara moja kwa mwezi. Jirani yangu wa kushoto nilikaa naye miezi kumi na minne tunasalimiana juu ya uzio kuhusu mvua, sijui hata sebule yake ina rangi gani. Nilikuja kuingia kwake kwa sababu ya tangazo, na tangazo lenyewe lilikuwa na neno letu.

"Safari Supper." Ndivyo lilivyoandikwa, herufi nene, Jumamosi ya pili ya Juni, pauni 15 kwa kichwa, jiandikishe kabla ya tarehe 1. Niliposoma "safari" moyo ulinipasuka. Nikaona tembo. Nikaona watu wazima wa Suffolk wamevaa kofia za kaki wanachoma nyama chini ya picha ya Mlima Kilimanjaro, na mimi nimewekwa mlangoni kupokea wageni. Nikamwambia Bibi hii hapana. Bibi akaniambia nisome hadi chini. Kumbe hakuna hata simba wa karatasi. Ni chakula cha kutembea: unakula kianzio nyumba moja, chakula chenyewe nyumba nyingine, kisha kijiji kizima mnakutana ukumbini kwa vitamutamu. Wenye nyumba hawajui watakuja akina nani, na wageni hawajui wanakokwenda mpaka wapewe bahasha. Yaani wamelitumia neno kwa maana yake ya haki, mwendo wa kutoka hapa kwenda pale, kuliko hata wale wanaowauzia watalii wetu. Neno lenyewe liliingia kwenye Kiingereza karne ya 19, enzi ambazo wale wapelelezi wa Kiingereza, Burton na Speke, walipita Pangani kwetu, mwaka 1857, kabla ya kwenda kulitafuta ziwa. Walilichukua hapo pwani, na mimi nimelikuta limezeeka Suffolk linauzwa pauni 15.

Tulikwenda. Nilimvisha Bibi koti, nikamfunika miguu kwa kanga, nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu na tochi mapajani mwake, ingawa Juni hapa saa tatu usiku bado kuna mwanga wa kusomea. Kwenye fomu niliandika sili nguruwe wala sinywi pombe, nikawa na wasiwasi kuwa nitaonekana mzigo. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya jirani wa kushoto. Sebule yake ni ya kijani. Ana piano, ana paka watatu, na ukutani ana picha ya marehemu mkewe amesimama kwenye jahazi Lamu mwaka 1978. Miezi kumi na minne! Tumekuwa tukizungumzia mvua miezi kumi na minne, na mtu ana jahazi ukutani. Nyumba ya pili walinipikia samaki wa kuoka peke yangu, kwenye bakuli lenye karatasi ya jina langu, wamelikosea herufi moja tu. Watu wanane mezani, hakuna aliyeniuliza ninarudi kwetu lini.

Kwa siku hiyo moja ningekipa kijarida nyota tano. Zinabaki nne, na nitasema kwa nini: basi. Kikomo cha nauli kilipopanda kutoka pauni 2 hadi pauni 3 mwezi Januari 2025, kijarida kiliendelea kuandika pauni 2 hadi Aprili. Na saa za basi zilipobadilika ziliandikwa za zamani, nikasimama kituoni asubuhi ya baridi kali dakika hamsini, miguu imekufa ganzi, na miadi yangu mjini ikapotea. Nilimwambia Mhariri. Aliomba radhi mara sita na toleo lililofuata lilikuwa na ratiba sahihi, na chini yake maneno "kwa hisani ya msomaji makini". Mtu hawezi kukasirika na watu hawa kwa muda mrefu, wanakunyang'anya hasira mkononi. Lakini nyota yangu sirudishi.

Mengine ya ukurasa wa 9 nitayapitia haraka. Asubuhi ya kahawa kila Jumatano: nenda, ni joto, kuna skonzi, na ni mahali pekee utakapojua nani amelazwa. Klabu ya wapiga kengele za kanisa wanatafuta watu kila mwezi bila kuchoka. Kengele sita zinaweza kupangwa kwa zamu 720 tofauti bila kurudia hata moja, na jirani yangu mwenye piano anadhamiria kuzipiga zote kabla hajafa. Chama cha kina mama, kile ambacho tawi lake la kwanza Uingereza lilianzia Wales mwaka 1915 baada ya kubuniwa Kanada, ni kama kikoba kisichokopesha: ada, chai, mgeni wa kutoa somo, na siri za watu. Siku ya bustani wazi ni nzuri kuliko ilivyotangazwa. Desturi hii ya kulipa kiingilio kutazama bustani za watu ilianza kitaifa mwaka 1927, shilingi moja kwa mtu, kuchangia wauguzi waliokuwa wakizunguka majumbani kuhudumia wagonjwa. Nikiwa mtu wa kazi hiyo hiyo, nilitoa pauni tano zangu bila kinyongo, nikala keki mbili. Mchezo wa dadu wa kuchora mdudu, usiende. Au nenda, lakini usikae karibu na mama wa posta ya zamani, anaiba miguu ya mdudu.

Gulio la Julai nalo linataka maelezo, kwa sababu hapo ndipo balaa langu lilipoanzia. Uwanja wa nyuma ya kanisa unajaa meza: jemu, vitabu vilivyotumika, mung'unye wakubwa kama watoto wachanga, kubahatisha uzito wa keki. Pembeni nikaona vijiti vitano vimesimikwa, na juu ya kila kijiti, nazi. Nazi kavu, zenye manyoya yake, zimetulia pale kama zimehukumiwa. Unalipa pauni moja, unapewa mipira mitatu ya mbao, ukiiangusha nazi ni yako. Nikamuuliza kijana: mnazifanyia nini mkishazishinda? Akafikiri. Akasema, baba yake aliwahi kuipasua moja kwa nyundo gereji, na ndege wakala.

Nimekulia chini ya minazi. Utotoni tulikuwa tunaangusha maembe ya mzee mmoja kwa mawe tukiwa tumejificha nyuma ya msikiti, na mipira ya mbao si kitu. Nilitoka na nazi nne, kijana akaniomba kwa heshima niwaachie watoto. Jioni ile Bibi alitoa macho kuniona nakaa kwenye kigoda jikoni bila mbuzi, nakwaruza nazi kwa kile chombo cha jibini, vidole vinachubuka, nachuja tui kwa kitambaa safi. Nilimpikia wali. Alikula sahani mbili, mtu ambaye kwa kawaida namhesabia vijiko. Akasema Oktoba kuna karamu ya mavuno ukumbini, kila mtu analeta chakula, na mimi nitaleta huu.

Tangazo la karamu lilikuwa wazi, sharti nikisifu: leta chakula cha kugawana na uandike jina lake na vilivyomo, kwa ajili ya wenye mzio. Nikafanya nilivyoagizwa. Nilipika sufuria kubwa, safari hii kwa tui la kopo, nikachukua kadi nyeupe na kalamu nene, nikaandika kwa herufi kubwa zinazosomeka toka mlangoni:

WALI WA NAZI

Chini yake, kwa herufi ndogo za Kiingereza: mchele, tui, chumvi. Nikaisimamisha mbele ya sufuria katikati ya meza ndefu, kati ya pai ya kuku na bitiruti, nikaenda kumkalisha Bibi.

Foleni ikaanza. Nikaona inakwenda vizuri mpaka kwenye pai, kisha inaruka, inaendelea kwenye bitiruti. Mzee mmoja akavaa miwani, akavua, akavaa tena. Mama wa posta ya zamani akamnong'oneza mumewe. Hakuna aliyeuliza. Waingereza wangekufa njaa pale pale kuliko kuuliza. Mimi nimekaa nawaza: harufu? Wanaogopa kuwa na pilipili? Sikuwa na habari kabisa. Wewe msomaji umeshacheka, maana kwa Waingereza "Nazi" ni mfuasi wa Hitler, lakini mimi neno hili nimelijua tangu kabla ya kujua kuna Ujerumani. Kwangu ni chakula, ni mafuta ya nywele, ni ufagio, ni paa. Na hiki ni kijiji ambacho Mei 2025 walikuwa wamefunga bendera kila dirisha kuadhimisha miaka 80 tangu vita viishe Ulaya. Ndege za Kimarekani zilikuwa zikirukia kwenye viwanja vya hapa jirani kwenda kupiga Ujerumani, na Bibi, mtoto wa shule wakati huo, alikuwa akizihesabu zikienda na kuzihesabu tena zikirudi.

Bibi ndiye aliyeuliza. Toka kwenye kiti chake, kwa sauti ya mtu ambaye kifaa chake cha masikio hakina betri: "Ile kadi imeandikwa nini?" Ukumbi ukanyamaza. Nikamsomea. Akanitazama, akaitazama kadi, na uso wake ukafanya kitu ambacho sijawahi kukiona. "Niletee sahani iliyojaa," akasema. "Nimewasubiri hawa miaka themanini."

Kilichofuata siwezi kukieleza vizuri. Mzee wa kengele alilia kwa kicheko, akatoka nje. Wali uliisha kabla ya pai ya kuku. Mhariri alinijia na daftari, akaomba maelezo ya kupika kwa ajili ya toleo la Novemba, nikampa palepale.

Siku nne baadaye kengele ya mlango ikalia. Mvua inanyesha, Mhariri amesimama na mwavuli, amekuwa mwekundu hadi masikioni. Akaanza na hali ya hewa. Akaja kwenye afya ya Bibi. Akaja kwenye utamu wa ule wali. Mwisho akasema, unajua, jalada la Novemba huwa na yale maua mekundu ya kuwakumbuka askari, na ndani huwa na majina yote ya mnara wa vita, na ukurasa wa mapishi unatazamana na majina. Akanyamaza. Nikamwambia, Mama Mhariri, ingia ndani unalowa.

Tulikunywa chai. Nilimweleza kwamba neno letu ni la zamani mno kuliko chama cha Hitler, na si sisi tuliopaswa kubadilisha. Alikubali haraka, akaumia zaidi. Nikamhurumia. Nikakumbuka Kiswahili hakijawahi kumtupa mtu: kama hawataki tunda, wape maji yake. Nikachukua kalamu nikafuta, nikaandika Wali wa Tui. Akalitamka mara tatu. Nadhani angenikumbatia kama angekuwa mtu wa Tanga.

Jumapili ya pili ya Novemba nilikwenda nao kwenye ule mnara. Saa tano kamili asubuhi, dakika mbili za kimya, kunguru tu ndio wanaosema. Kisha wakasoma majina, moja moja, vijana wa kijiji kimoja kidogo, majina ya ukoo yale yale ninayoyaona kwenye malori na kwenye milango. Nikawaza Kariakoo. Tunalitamka kila siku jina lile, tunakwenda kununua vitenge na simu, na limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Walikufa kwa maelfu, kwa njaa na kuhara. Nani anawasomea majina yao, na yameandikwa wapi? Sikusema kitu. Jirani yangu wa piano alinishika kiwiko tulipokuwa tunaondoka, kwa sababu ya utelezi.

Mapishi yalitoka. Ukurasa mzima, umepambwa kwa mchoro wa mnazi unaofanana na nanasi. Vipimo sahihi, shukrani kwa Bibi zipo, jina langu limeandikwa bila kosa hata moja. Ila kompyuta ya mume wa Mhariri ina tabia ya kusahihisha maneno isiyoyajua, na "wali" haiijui. Kichwa cha habari kilisomeka: WALLY WA TUI. Kwa wasiojua, "wally" kwa Kiingereza cha mtaani ni bwege, mtu mjinga mjinga wa kuchekwa. Bibi alicheka hadi nikamletea pampu yake ya kifua.

Toleo la Desemba limefika juzi. Ukurasa wa 27, chini ya tangazo la msafisha dohani, mistari miwili: "Masahihisho. Jina la chakula cha mwezi uliopita ni Wali wa Tui. Mhariri anamwomba radhi mpishi, na mumewe pia anaomba radhi." Bibi ameukata kwa mkasi wake wa kushonea, ameubandika kwenye friji kando ya ratiba ya mapipa. Wiki hii ni pipa jeusi.